Tumbo Nililokukopesha

Dada Masika,

Mwanao anacheza mpira humu ndani. Tangu asubuhi ananipiga mateke, na si yale ya kujinyoosha, ni ya mtu aliyechelewa safari. Leo sikuenda sokoni. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Bulengera, Butembo, mguu mmoja juu ya kigoda kwa sababu umevimba, namwandikia mtu asiyeweza kunijibu, maana wale wanaoweza kunijibu nimewachoka.

Siku zimefika. Muuguzi wa maternite amenipima, akasema kichwa kimeshashuka, ni wakati wowote. Nilimwuliza kama kuna hatari, akasema hakuna. Nikamwuliza tena. Akacheka: "Mama Paluku, umeshazala mara mbili, sasa unaogopa nini?" Ningemjibu nini? Mimba za Paluku na Kambale zilikuwa zangu. Kama lingetokea baya, ningelia mimi na Mungu wangu, basi. Huyu ni wako na mumeo Kakule. Nimebeba kitu cha mtu, na mwenyewe amekufa akiwa njiani kukifuata. Ndiyo maana naogopa, dada. Naogopa nikiamka, naogopa nikipika. Hata akitulia naogopa, namtikisa ili anipige tena.

Ngoja kwanza nikupe habari za huku. Kambale ameng'oka meno ya mbele na bado anakula kuliko sisi wote. Paluku amekuwa mzee wa nyumba. Ananikataza kuinua ndoo kwa sauti yako ileile, ile ya kukemea. Mimi bado nauza fretini, vile visamaki vikavu, lakini mwanao hapendi samaki. Nikifungua tu gunia, harufu ikinifikia, ananigeuza tumbo mpaka wateja wanahama. Nimemwambia, baba, ukitaka maziwa uvumilie fretini, ndiyo inayotulisha hapa.

Watu waliokimbia vita vya Luofu wanaendelea kufika na magodoro kichwani. Wengine wanalala katika madarasa, na kila mmoja ana habari yake: vita vinapanda, hapana, vita vimesimama. Upande wenu wa Beni ni wale waasi wa msituni. Sisi tuko katikati, na kwa tumbo hili siwezi kumkimbiza hata kuku. Furushi la mtoto nimelifunga, liko nyuma ya mlango. Sijui kama ni la kwenda maternite au ni la kukimbia.

Unakumbuka siku ulipokuja kunisaidia kumenya viazi? Kunisaidia ni neno tu, maana ulikuwa unatupa nusu ya kiazi pamoja na ganda. Mume wangu alikuwa ameshafukiwa na shimo la dhahabu kule Manguredjipa, na wewe ulikuwa umetolewa kizazi kwa sababu ya ile damu isiyokatika. Tulikuwa wanawake wawili tuliochoka kuhurumiwa. Ukasema bila kuniangalia, "Mudogo wangu, unikopeshe tumbo. Nitakurudishia." Nikacheka mpaka kisu kikaniponyoka. Wewe hukucheka. Ukanieleza kwamba Kampala kuna daktari anayechukua yai la mke na mbegu ya mume, anaviunganisha kwenye chombo cha kioo, kisha anavipandikiza kwa mwanamke mwingine mwenye kizazi kizima. Ukaniapia, "Hautalala na mutu. Hapana hata kuguswa mukono."

Nilikataa siku ile. Nilikataa na Jumapili iliyofuata. Kisha nikakuona kanisani ukiwaangalia wanangu wakigombania benchi, ukawaangalia mpaka padri akamaliza kuhubiri. Tulipotoka nikakuambia sawa. Sikukubali kwa sababu mimi ni mtu mwema, Masika. Nilikubali kwa sababu macho yale nilishindwa kuyavumilia.

Kakule alitangulia Kampala; sisi tukasema kwa watu tunakwenda kutafuta vikwembe, yaani vitenge, vya kuuza. Mpakani Kasindi ulikuwa unatetemeka kama mtu aliyebeba magendo, na kweli ndiyo tulikuwa tukienda kuyachukua, tungerudi nayo tumboni mwangu. Sindano zile za kila siku ulinichoma wewe mwenyewe, huku ukifumba macho, mpaka nikakuambia anayechomwa ndiye hufumba macho, siyo anayechoma. Na daktari alipomaliza kupandikiza ukanikataza kukohoa. Njia nzima ya kurudi, kila basi lilipoingia shimoni ulimtukana dereva kwa Kinande, na yeye akikuitikia kwa heshima akidhani unamsalimu. Nilicheka, nikakatazwa kucheka pia.

Laiti yangeishia hapo.

Nani alikutuma kujifunga vile vitambaa? Bado nina hasira nawe juu ya jambo hilo, na kufa kwako hakujaipunguza. Mama-mkwe wako alikuwa ameanza kumtafutia Kakule mke mwingine, najua. Ulikuwa unaogopa, najua. Ndipo ukamwambia una mimba, ukawa unakunja vikwembe na kuvifunga kiunoni kwa kamba, na kila mwezi ulipopita ukaongeza kimoja. Ulinionyesha hapa chumbani ukigeuka huku na huku, "Si ninafanana?" Nikakuambia, dada, mwambie yule mzee ukweli. Ukasema mimba ikifika mwezi wa saba utakuja kujificha kwangu, kisha urudi Beni na mtoto mikononi, nani atajua? Mimi nilikubali kusemwa kidogo na majirani: mjane ameshika mimba, mtoto hakukaa, yamekwisha. Mpango wako ulikuwa mzuri. Ulihitaji kitu kimoja tu, kwamba ufike.

Hukufika. Gari lenu walilipiga risasi kati ya Beni na hapa, ukiwa unakuja kwangu, na tumbo lako la vitambaa likiwa limefungwa kama siku zote.

Sasa nikuambie yaliyotokea kwenye kilio, maana wewe ulikuwa umelala tu pale na sisi ndio tulioyabeba. Nilifika nimevaa koti kubwa la marehemu mume wangu, vifungo vyote vimefungwa, na joto la Beni unalijua. Wanawake wa kwa mume wako walikuwa wameshaleta maji. Mmoja akaniita, "Kavira, kuja. Weye njo ndugu yake, umuoshe uso." Nikasimama mlangoni. Mama alitufundisha tangu tungali wasichana: mwenye mimba haingii penye maiti, baridi ya mfu inampata mtoto. Na mimi niliona yote mawili kwa mara moja. Nikiingia, mikono yangu itafika kiunoni kwako kabla ya mikono yao. Nitakata kamba, nitavificha vitambaa ndani ya koti, na siri yako itazikwa nawe. Nikiingia, ninamtia mwanao kwenye baridi.

Siku za kawaida siamini mambo hayo. Mlangoni pale niliamini, dada. Huyu ndiye uliyekuwa unamfuata ulipouawa, nami nimpeleke mwenyewe penye kifo?

Nikasema siwezi. Wakaniuliza kwa nini. Wakaanza kusema maneno: ndugu gani huyu anamwogopa ndugu yake, hata Mama yao angekuwa hai angemlaani. Basi nikafungua vifungo. Wakaliona tumbo langu, wote waliokuwa uani wakaliona. Wakati huohuo kule ndani wale waliokuwa wanakuosha walikuwa wamefika kiunoni kwako. Mmoja akatoka na vile vitambaa, bado vimekunjwa na kamba yake, akaviweka miguuni pa mama-mkwe wako. Yule mzee akaviangalia. Akaliangalia tumbo langu. Kisha akamwangalia Kakule, akasema taratibu, "Sasa nimeona. Nimeona yote."

Kilio kikakatika. Hakuna aliyekulilia tena siku ile, isipokuwa mimi.

Na Kakule? Kakule alikuwa na mdomo. Angeweza kusema maneno matatu tu. Aliinamisha kichwa, akaangalia viatu vyake, na watu wote wakasoma kwenye kichwa kile walichotaka kusoma: kwamba nililala na shemeji yangu, kwamba wewe ulijifunga vitambaa kwa aibu, kwamba labda hata kifo chako tumekifurahia. Nilimchukia, Masika. Nilirudi Butembo kabla udongo wako haujakauka, na njia nzima sikuogopa risasi, niliogopa kwamba mtoto amesikia.

Huku nako habari ilinitangulia. Katika korali ya kanisani wakaniambia nipumzike kidogo. Kupumzika! Kama ni kuimba ndiko kulikonipa mimba. Majirani wananisalimu wakiwa wameshapita. Siwezi kuwaeleza. Karatasi za Kampala ziko kwa Kiingereza, na hata zingekuwa kwa Kinande, nani angeziamini? Ukiwa hai, ungesimama sokoni na sauti yako ile ukawanyamazisha wote. Sikujua kwamba wewe ndiye ulikuwa ushahidi wangu mzima.

Lakini hayo ya kwangu yatapita. Linalonikosesha pumzi ni jina.

Unajua watu wetu. Kwetu Wanande jina linasema mtoto amekuja wa ngapi kutoka tumbo la mama yake, na mtu akishalisikia hana haja ya kuuliza. Mvulana wa tatu wa Kavira ni Kasereka. Mvulana wa kwanza wa Masika ni Mumbere, jina la kifungua mimba kama Paluku wangu. Picha ya daktari inaonyesha mvulana. Akiitwa Kasereka, basi amekuwa wangu, mtoto wa aibu wa mjane, na wewe utabaki yule mwanamke aliyekufa bila kuzaa, aliyekutwa na vitambaa. Hakuna mtu, popote, atakayekumbuka kwamba ulikuwa mama. Akiitwa Mumbere, uko. Na mwenye haki ya kulitamka mbele ya ukoo wao ni yule mzee, ambaye tangu kilio hakutaka hata kusikia jina lako.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita amekuja.

Nilikuwa najichagulia maharage hapa hapa nje, pikipiki ikasimama, Kakule nyuma na mama yake katikati kama mzigo, na dereva amebanwa juu ya tangi. Nilidhani wamekuja kunipiga. Kumbe yule mzee alikuwa amempelekea Kakule mchumba nyumbani kabisa, na Kakule akakataa, na katika kukataa mdomo ukamfunguka, akasema yote, Kampala, sindano, vitambaa, yote. Mama yake hakumwamini. Akasema apelekwe kwa yule mwanamke, asikie kwa masikio yake.

Alikataa kiti. Alikataa chai. Akakaa ukingoni mwa gunia langu la fretini na kumwamuru mwanawe arudie maneno yote mbele yangu. Kakule akarudia, jasho likimtoka. Kisha mzee akanigeukia.

"Hamukulala pamoja?"

"Hapana, mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Lakini Masika walimutoa kizazi. Mutoto wake anatokea wapi?"

Nikatafuta maneno ya daktari, sikuyapata. Nikamwambia tu, mama, walitoa kiota, mayai yalibaki. Wakachukua mayai yake, wakanipa mimi niatamie. Akaangalia ua wangu muda mrefu, pale ambapo hakuna kitu cha kuangalia. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayehesabu, "Mi niliwekaka mayai ya bata chini ya kuku. Inatokaka bata."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Hutoka bata."

Dada, sijawahi kusikia neno tamu kama hilo la bata. Lakini hakuwa amemaliza. Akauliza, "Na juu ya nini alinificha?" Kakule akarudi kuangalia viatu vyake. Safari hii sikumngoja. Nikasema, "Alikuogopa, mama."

Ungeuona uso wake. Aliniangalia, akamwangalia mwanawe amkanushie, na mwanawe hakukanusha. "Mi nilikuwa mubaya kiasi hiyo?" Nilitaka kumfariji, maana ni mzee. Lakini nilikumbuka ile kamba kiunoni mwako na alama iliyokuachia kwenye ngozi. Nikammiminia chai, nikamwekea mkononi. Akainywa. Ndipo akaanza kukulilia, chini kwa chini, kikombe bado mkononi, kile kilio ambacho ulikuwa unakidai tangu Beni.

Alipotulia akaweka kiganja hapa ubavuni. Mwanao hakumheshimu, alimpiga teke. Akautoa mkono haraka kama ameshika sufuria ya moto, akasimama, akajifunga kikwembe vizuri. Nilidhani atalitamka jina papo hapo. Akasema atakuja mtoto akizaliwa, amwangalie, na amwite mwenyewe. "Nikimuita Mumbere, batu bote batajua. Nikimuita Kasereka, batajua vilevile." Akapanda pikipiki. Kakule alinishika mkono, akasema "Wasingya," ndiyo asante kwetu. Sijamsamehe bado, lakini nilimshindilia fretini kidogo kwenye mfuko.

Hivyo sijui, Masika. Alilia kwa ajili yako, lakini hakuniahidi kitu. Na tangu juzi wamepiga tena magari kwenye barabara ya Beni. Hakuna anayepita. Simu ya Kakule inaita mara moja na kukatika. Mwanao anashuka, barabara imefungwa, na yule mwenye kulitamka jina yuko ng'ambo ya risasi. Huenda nikajifungua peke yangu, na muuguzi akageuka aniulize, "Anaitwa nani?", na watu wakiwa wanasikiliza.

Nitakuambia jambo ambalo siwezi kumwambia padri. Kuna saa namtaka. Ninapomwimbia nikipepeta maharage naye akatulia, najisikia mama yake, na Kasereka ni jina zuri, linaingia vizuri mdomoni baada ya Paluku na Kambale. Ningelisema tu, hakuna atakayebisha. Wote wanaamini hivyo tayari. Ningekuwa nimekunyang'anya mtoto wako bila hata kunyanyua sauti, na wangenipongeza kwamba hatimaye nimekubali aibu yangu. Jambo hili linanitisha kuliko vita.

Basi nakuahidi, na ninaiandika ahadi hii nikiwa na akili zangu, kabla uchungu haujaja kunichanganya. Yule mzee akifika, asifike, akikubali, akikataa, mimi muuguzi akiniuliza nitasema Mumbere, mwana wa Masika. Watacheka, watasema Kavira hajui kuhesabu. Wacheke. Nafasi ya tatu kwangu itabaki wazi. Mungu akitaka siku moja kuijaza, ataijaza, na asipotaka nitakaa nayo hivyohivyo.

Atanyonya kwangu, maana hakuna kwingine. Atalala mgongoni mwangu, na kama ni kukimbia nitakimbia naye. Atanizoea. Na siku atakapofungua mdomo aniite mama, kama watoto wote wanavyomwita yule anayewabeba, nitachuchumaa mbele yake nimsahihishe: mama mdogo. Akisahau, nitamwambia tena. Hata kama ataudhika, hata kama nitaingia ndani kulia baadaye, nitamwambia tena.

Tumbo limekaza sasa hivi. Limeachia. Limekaza tena. Nimemtuma Paluku akaite pikipiki.

Utuombee huko uliko, dada. Lala salama, mama wa Mumbere.

Mdogo wako,
Kavira